Baiskeli Mbili za Bei Iliyopunguzwa: Tuchague Ipi?



Somo la mwezi huu limetokana na barua. Katekista mmoja ametuandikia, nasi tumeona kwamba shida yake ni shida ya familia nyingi katika parokia zetu. Anasema hivi:

"Mpendwa Mhariri, mimi ni katekista mwenye umri wa miaka 46. Ninahudumia vigango viwili, na kile cha mbali kiko kilometa 13 kutoka nyumbani. Kilometa 9 ni za lami, na 4 ni za udongo. Baiskeli yangu ya zamani imekatika fremu na fundi amesema haifai tena kuchomelewa. Baada ya kuuza maharage nimepata shilingi 260,000 za baiskeli, wala siwezi kuongeza hata senti, kwa maana zilizobaki ni za sare na madaftari ya watoto. Mjini nimekuta baiskeli mbili zilizopunguzwa bei. Ya kwanza ni mpya, nyeusi, ya gia moja, saizi 24. Ilikuwa 290,000, sasa ni 240,000. Ya pili ni ya mtumba, ya resi, yenye gia 12 na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Ilikuwa 220,000, sasa ni 170,000. Mama watoto anasema tuchukue mpya, mtumba ni wa kutupwa. Kijana wetu anasema tuchukue ya resi. Nilipopanda ile mpya nilisimama kwa ncha za vidole, lakini muuzaji akaniambia, 'Utazoea.' Nilipojaribu ya resi, vidole vya mkono vilikufa ganzi. Tena magoti yameanza kuniuma. Nifanye nini?"

Ndugu katekista, tunakushukuru kwa barua yako. Umeuliza kabla ya kulipa, na hilo ni jambo la busara. Wengi huja zahanati wakiwa wamekwisha kulipa, nao huja wakilalamika kiuno, magoti au bega lililovunjika.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA AFYA

Labda msomaji atashangaa: baiskeli na Ukurasa wa Afya vina uhusiano gani? Uhusiano ni mkubwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kila mtu mzima aushughulishe mwili wake kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, kwa kazi au mazoezi ya nguvu ya kadiri. Katekista wetu akienda kigango cha mbali mara mbili kwa juma, kwenda na kurudi, kila safari ikichukua kama dakika 55, atakuwa amepata dakika 220. Hiyo ni dawa dhidi ya shinikizo la damu na kisukari, nayo haiuzwi katika duka lolote la dawa.

Lakini dawa yoyote, ikitolewa kwa kipimo kisicho chake, hudhuru. Katika kilometa 13 miguu huzungusha pedeli mara elfu kadhaa. Kama kiti kiko mahali pasipofaa, goti hukosewa mara elfu kadhaa, na jioni hukosewa tena wakati wa kurudi. Ndiyo maana neno la muuzaji, "Utazoea", si neno la kupokea kwa haraka. Misuli huzoea kazi, ni kweli. Lakini mguu wa mtu mzima haurefuki ili ufikie ardhi.

KASORO ZA AINA MBILI

Shika jambo hili moja, hata kama utasahau mengine yote ya somo hili. Baiskeli iliyopunguzwa bei huwa na sababu ya kupunguzwa. Kazi yako ni kuitafuta sababu hiyo, kisha kujiuliza: je, ni kasoro inayotengenezeka, au ni kasoro isiyotengenezeka?

Tairi lililochakaa, waya wa breki uliokatika nyuzi, cheni iliyolegea, kiti kilichopinda, rangi iliyochubuka: hizo zote hutengenezeka kwa spana na fedha kidogo. Lakini fremu iliyo kubwa au ndogo kuliko mwili wako haitengenezeki. Vilevile fremu yenye ufa au iliyopinda kwa kugongwa. Fundi hodari kupita wote hawezi kufupisha fremu.

Kumbuka pia kwamba maduka mara nyingi hupunguza bei ya saizi ambazo hazinunuliwi. Kofia, viatu na baiskeli hufanana katika hilo. Viatu vya namba 47 vikiuzwa nusu ya bei havina kasoro yoyote, ila havikufai wewe uvaaye namba 41.

HATUA YA KWANZA: UPIME MWILI WAKO

Kabla ya kuipima baiskeli, hatuna budi kujipima sisi wenyewe. Simama umeegemea ukuta, bila viatu, miguu ikiachana kama sentimeta 15. Chukua kitabu chembamba chenye jalada gumu, kwa mfano kitabu cha nyimbo, ukiweke katikati ya mapaja, mgongo wake ukiangalia juu. Kipandishe mpaka kigote kabisa, kama vile umekaa juu ya kiti cha baiskeli. Mtu mwingine apige alama ukutani mahali pa mgongo wa kitabu, kisha apime kutoka sakafuni hadi kwenye alama. Hicho ndicho kipimo cha mguu wako wa ndani. Sasa nenda dukani na futi ya fundi cherehani, upime kutoka ardhini hadi kwenye bomba la juu la fremu.

Tulimwomba katekista wetu afanye hivyo, naye akatuletea majibu. Mguu wake wa ndani ni sentimeta 81. Bomba la juu la baiskeli mpya liko sentimeta 88 kutoka ardhini. Bomba la ile ya resi liko sentimeta 78.

Kanuni ni hii: unaposimama ardhini ukiwa umeipanda fremu, lazima kuwe na nafasi ya sentimeta 2 hadi 5 kati ya mwili wako na bomba la juu. Kwa baiskeli inayopita njia mbaya, nafasi kubwa ni bora zaidi. Ya resi inampa katekista sentimeta 3. Ile mpya imempita kwa sentimeta 7. Maana yake ni kwamba kila atakaposimama ghafla, kwa sababu ya mbuzi au mtoto aliyekatiza njia, ama ataangukia bomba hilo la chuma na kuumia sehemu za siri, ama atainamisha baiskeli upande mmoja na kuanguka nayo.

Sasa tunajua kwa nini imepunguzwa bei. Muuzaji hakusema uongo kwamba ni mpya na nzima. Ni nzima, lakini saizi 24 maana yake ni bomba la kiti lenye urefu wa nchi 24, yaani sentimeta 61. Ni baiskeli ya mtu mrefu sana. Baiskeli za namna hiyo hutengenezwa pia kwa saizi 22 na 20, na zipo za kike ambazo bomba lake limeshuka.

Wapanda baiskeli za resi wanayo hesabu yao: huzidisha mguu wa ndani kwa 0.67 ili kupata urefu wa bomba la kiti. Mara 81 inatoka kama 54. Baiskeli ya resi aliyoiona katekista ina bomba la sentimeta 54. Imemkaa kama shati lililoshonwa kwa ajili yake.

HATUA YA PILI: KITI, MAGOTI NA MIKONO

Msomaji ataniuliza: mbona alipoijaribu vidole vilikufa ganzi? Swali zuri. Hapa tuchunguze kama kasoro hiyo inatengenezeka.

Tuanze na kiti. Kaa juu ya kiti, mtu akikushikilia. Weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande. Kisha weka sehemu pana ya wayo juu ya pedeli, kama inavyotakiwa wakati wa kwenda: goti litapinda kidogo tu. Hicho ndicho kimo sahihi. Kwa hesabu, zidisha mguu wa ndani kwa 0.883. Kwa katekista ni kama sentimeta 71 na nusu, kutoka katikati ya mhimili wa pedeli hadi juu ya kiti.

Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjika kupita kiasi na maumivu huja mbele ya goti, karibu na kifuniko chake. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi, maana wengi hupenda kiti kiwe chini ili miguu yote miwili ifike ardhini wakiwa wamekaa. Kiti kikiwa juu mno, maumivu huja nyuma ya goti, na nyonga huyumba kulia na kushoto mpaka kiuno kinachoka. Kwa baiskeli ya saizi 24, hata kiti kikishushwa hadi mwisho, huenda kikabaki juu mno kwa katekista wetu. Magoti yanayouma tayari hayatapona juu ya kiti cha namna hiyo.

Sasa mikono. Kidole kidogo na kile cha pete vikifa ganzi, ni dalili kwamba mshipa wa fahamu unaopita penye kiganja umebanwa kwa kuegemea usukani. Sababu za kawaida ni mbili. Ya kwanza, ncha ya kiti imeinama mbele, hivyo mwili unateleza na mikono inabeba uzito wote. Kiti kiwe sawasawa; weka juu yake chupa ya maji iliyojaa nusu, ulale, uone maji yanaegemea wapi. Ya pili, usukani uko chini mno. Katika baiskeli nyingi za zamani za resi, shingo ya usukani hupandishwa kwa kulegeza nati moja. Lakini angalia alama iliyochongwa kwenye shingo hiyo: isionekane nje. Ukiipandisha kupita alama, inaweza kuchomoka njiani. Fundi akaupandishe usukani uwe sawa na kiti, na wakati wa safari ubadilishe mahali pa kushika kila baada ya dakika chache.

Katekista alirudi dukani akafanya hivyo. Kiti kilikuwa kimeinama. Baada ya kukinyoosha na kuinua usukani, alizunguka nusu saa bila ganzi. Basi kasoro ile ilikuwa ya kutengenezeka, tena bila kulipa senti.

Jambo jingine ambalo wanaume huona haya kulisema: ganzi sehemu za siri. Ikitokea, usivumilie. Simama, punguza kimo cha kiti au kinyooshe. Isipokwisha baada ya marekebisho, mwone mganga.

HATUA YA TATU: JE, INASIMAMA?

Baiskeli isiyosimama ni jeneza la magurudumu mawili. Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wachache hulijua. Baiskeli nyingi nyeusi za gia moja zina ringi za chuma cha pua au chuma kilichopakwa kromu, zinazong'aa sana. Mvua ikinyesha, raba za breki huteleza juu ya ringi hizo, na baiskeli huenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Ringi za aluminiamu hushikwa vizuri zaidi zikiwa na maji.

Utazitambuaje? Chukua sumaku ndogo, kama ile iliyotolewa katika spika ya redio mbovu. Sumaku hushika chuma cha kawaida lakini haishiki aluminiamu. Kwa kuwa sumaku nyingine haishiki vizuri hata chuma cha pua, muulize fundi pia. Naye hutambua aluminiamu kwa wepesi wake na rangi yake iliyofifia. Katekista alijaribu: ringi za baiskeli mpya zilishika sumaku, za ile ya resi hazikushika, na fundi akathibitisha kwamba ni aluminiamu. Kwa mtu anayeteremka mlima wakati wa masika, tofauti hiyo si ndogo.

Hata hivyo, waya wa breki ya mbele wa ile ya resi ulikuwa umeanza kukatika nyuzi, na raba zilikuwa zimekauka kama ukwato. Usipande baiskeli ya namna hiyo hata mita mia kabla ya kuibadilisha waya. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu uzito hukimbilia mbele unaposimama. Tumia zote mbili pamoja, ukianza taratibu.

HATUA YA NNE: KUUCHUNGUZA MTUMBA

Mama watoto ana haki ya kuuogopa mtumba, maana hatujui umepitia wapi. Lakini hofu iongoze kuchunguza, siyo kukimbia. Fanya majaribio haya saba, mchana kweupe:

1. Fremu. Pitisha kidole chini ya mabomba, hasa karibu na usukani na penye mhimili wa pedeli. Rangi iliyojikunja au kuvimba nyuma ya shingo ya mbele ni dalili kwamba iligonga kitu. Ukiona ufa, iache, hata wakikupa bure.

2. Magurudumu. Yainue yazunguke, ukiangalia nafasi kati ya ringi na raba za breki. Yakiyumba kidogo, fundi atakaza spoku. Yakiyumba sana, au ringi ikiwa imeliwa na breki ikafanya bonde, hesabu gharama ya ringi mpya.

3. Shingo ya usukani. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ikigonga "ko, ko", gololi zimelegea au zimekwisha.

4. Mhimili wa pedeli. Shika mikono ya pedeli, itikise kushoto na kulia. Isicheze.

5. Cheni. Pima kwa rula ya nchi. Kwenye cheni mpya, nchi 12 huangukia sawasawa kutoka kati ya pini hadi kati ya pini. Ikiwa imezidi kwa sehemu moja ya 16 ya nchi, badili cheni. Ikiwa imezidi kwa sehemu moja ya 8, huenda meno nayo yamekwisha, na gharama itapanda.

6. Gia. Panda uzijaribu zote. Cheni isiruke unapokanyaga kwa nguvu.

7. Namba ya tairi. Hili husahauliwa sana. Ubavuni mwa tairi kuna namba mbili zenye kistari kati yake. Baiskeli nyeusi ya kawaida ina tairi la 28 x 1½, ambalo kipimo chake ni 635, na hupatikana kwa urahisi hata katika maduka ya vijijini. Baiskeli za resi nyingi ni 622, na maduka mengi ya mjini huwa nayo. Lakini resi nyingine za zamani ni 630, na hizo ni shida kuzipatia tairi. Tofauti ya milimita 8 haionekani kwa macho, lakini tairi la 622 haliingii kwenye ringi ya 630. Usilipe kabla ya kusoma namba hiyo.

Ile ya resi ya katekista ni 622. Fremu ni safi, magurudumu yanayumba kidogo, na cheni imezidi kwa sehemu moja ya 16. Tairi zake ni nyembamba kama kidole, hazifai njia ya udongo, lakini penye uma kuna nafasi ya kuweka zenye upana wa milimita 32.

HATUA YA TANO: KUPIGA HESABU

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anasimulia habari za mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza hukaa chini na kuhesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa. Basi nasi tukae chini. Bei hizi ni za katekista wetu na fundi wake. Kwenu zaweza kuwa tofauti, lakini njia ya kuhesabu ni ileile.

Baiskeli mpya: 240,000. Kukaza nati zote na kurekebisha breki, maana hata mpya huhitaji: 5,000. Jumla 245,000.

Baiskeli ya resi: 170,000. Tairi mbili pana: 34,000. Tyubu mbili: 10,000. Waya na raba za breki: 10,000. Cheni: 12,000. Karia ya kubebea mkoba: 12,000. Fundi: 8,000. Jumla 256,000.

Mnaona, wapendwa? Ile iliyoonekana rahisi kwa shilingi 70,000 imekuwa ghali kwa shilingi 11,000. Kijana wa nyumbani hakuyaona hayo, kwa sababu alitazama bei iliyoandikwa kwenye karatasi. Lakini mama watoto naye hakuona kwamba upya hauongezi urefu wa miguu ya baba.

JIBU LETU

Ndugu katekista, usinunue ile saizi 24. Kasoro yake ni ya aina isiyotengenezeka. Ile ya resi ina kasoro nyingi, lakini zote ni za spana. Ina uzito wa kilo 11 hivi, wakati baiskeli nyeusi hukaribia 20, na gia zake zitayapumzisha magoti yako mlimani: chagua gia nyepesi, uzungushe haraka bila kukandamiza.

Lakini usilipe 170,000. Mwonyeshe muuzaji rula yako, waya uliokatika na raba zilizokauka, bila maneno makali. Ushahidi hupunguza bei kuliko kelele. Katekista alifanya hivyo, nao wakaafikiana 150,000. Gharama yote ikawa 236,000, akabakiwa na 24,000. Fedha hiyo tulimsihi asiirudishe mfukoni, bali anunue kofia ngumu. Mwaka 2016 watafiti Olivier na Creighton wa Australia waliziunganisha tafiti 40 zilizohusu waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 walioumia. Waliokuwa wamevaa kofia ngumu walikuwa na uwezekano mdogo wa kuumia vibaya kichwani, kwa karibu asilimia 70. Kofia inunuliwe mpya, maana ya mtumba huenda ilikwisha kugonga, nayo hulinda kwa pigo moja tu kubwa.

Sasa kuna neno ambalo lazima lisemwe mbele ya mama watoto. Baiskeli hii haitabeba gunia la mahindi, wala ndoo mbili za maji, wala mtu. Magurudumu yake hayakutengenezwa kwa kazi hiyo. Kama shida kubwa ya nyumba yenu ni mzigo kuliko safari, jibu letu linageuka: msinunue yoyote kati ya hizo mbili, bali mvumilie mpaka mpate nyeusi ya saizi ndogo zaidi, iliyopimwa na mguu wa baba. Shauri hilo ni la wawili, si la baba peke yake. Katekista na mkewe walikaa wakaafikiana kwamba mizigo itaendelea kwa mkokoteni wa jirani, na akiba ndogo itawekwa kila mwezi kwa ajili ya gari la kumpeleka mgonjwa hospitali. Hiyo ya mwisho tunaisifu sana, maana mgonjwa mahututi au mama mwenye uchungu wa uzazi hafai kubebwa kwenye karia ya baiskeli yoyote.

Kwa wale wenye baiskeli za kubeba watu, tunakumbusha haya. Mguu wa mtoto ukiingia katika spoku, hukatika ngozi na hata mfupa wa kifundo. Weka kinga pembeni ya gurudumu la nyuma na mahali pa kukanyagia, na mtoto avae viatu. Kina mama wakunje kanga vizuri isiingie kwenye cheni. Usiku, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma.

Wakatoliki tunaye msimamizi hata katika jambo hili. Tarehe 13 Oktoba 1949, Papa Pius XII alimtangaza Bikira Maria wa Ghisallo, ambaye kikanisa chake kiko kilimani huko Magreglio, kaskazini mwa Italia, kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Tumwombe atuombee njiani. Lakini tusimwombe atulinde na breki ambayo sisi wenyewe tumeshindwa kuikaza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika jumuiya yetu, ni nani anayepanda baiskeli yenye kiti kilicho chini mno au juu mno? Tumsaidie kupima leo.

2. Tutaje kitu tulichokinunua kwa sababu bei imepungua, tukajuta. Kasoro yake ilikuwa ya aina gani?

3. Nyumbani kwetu, baba na mama huamua pamoja kabla ya kununua kitu kikubwa?

4. Je, jumuiya yetu inaweza kuwa na akiba ya usafiri wa wagonjwa? Tuanzie wapi?

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutajibu barua za wasomaji wengine. Kaeni salama, na msafiri salama.